Wageni Wasioalikwa katika Kompyuta ya Chama: Kuwatambua, Kuwaondoa na Kuwazuia

Kwa miaka mingi kumbukumbu za chama cha msingi zilihifadhiwa katika kabati lenye kufuli: daftari la wanachama, daftari la fedha, vitabu vya stakabadhi na mihtasari ya mikutano. Ufunguo ulikuwa mikononi mwa mtu anayejulikana, na aliyetaka kuiba hakuwa na budi kuvunja mlango. Siku hizi sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo imo ndani ya kompyuta. Hesabu za mazao na malipo ya wakulima huandikwa humo. Benki huagizwa kulipa kwa kupitia humo. Na kwa vyama vya Tanzania upo pia MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Mwizi wa leo hana haja ya kuvunja mlango. Humtosha mtu mmoja wa ofisini kubonyeza mahali asipopaswa kubonyeza.

Makala haya yanaeleza jinsi programu haramu zinavyoingia katika kompyuta, dalili zake, namna ya kuziondoa, na ulaghai unaoambatana nazo. Yamekusudiwa kwanza kwa makatibu, wahasibu na wajumbe wa bodi. Lakini mwanachama wa kawaida naye yanamhusu, kwa kuwa fedha zinazopotea ni jasho lake.

1. PROGRAMU HARAMU NI NINI

Kompyuta ni mtumishi asiyejua kuuliza. Hutekeleza kila agizo linalowekwa mbele yake, na programu ni orodha ya maagizo. Programu ya kupiga hesabu na programu ya kuiba ni sawa machoni pake. Zile zilizoingia kwa hila, au bila ya ridhaa ya mwenye kompyuta, ndizo tunazoziita haramu. Aina zake kuu ni nne:

(a) Virusi. Hizi hujinakili zenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, aghalabu kwa kupitia flashi au barua pepe.

(b) Programu za matangazo. Hujaza kioo matangazo, hubadili ukurasa wa kwanza wa intaneti, na kumpeleka mtumiaji mahali asikokusudia.

(c) Programu za upelelezi. Hukaa kimya na kunakili kila herufi inayopigwa, pamoja na maneno ya siri ya benki.

(d) Programu za kuteka mafaili. Hufunga mafaili kwa maandishi ya siri yasiyosomeka, kisha hudai fidia ili yafunguliwe.

2. JINSI ZINAVYOINGIA

Mifano mitatu ya kweli yatosha kuonyesha kwamba hila hizi si ngeni.

Mwezi Desemba 1989 watu wapatao 20,000 katika nchi mbalimbali walipelekewa kwa posta disketi iliyodaiwa kuwa na maelezo juu ya UKIMWI. Ndani yake ilijificha programu nyingine. Kompyuta ilipokwisha kuwashwa mara kadhaa, majina ya mafaili yalivurugwa, na mwenyewe akaamriwa kupeleka dola 189 kwenye sanduku la posta nchini Panama. Wizi huo ulifanywa kwa bahasha na stempu.

Tarehe 4 Mei 2000 barua pepe iliyoanzia Ufilipino, yenye kichwa cha habari cha mapenzi, ilienea katika mamilioni ya kompyuta kwa muda wa siku chache. Faili lililoambatishwa lilifanana na maandishi ya kawaida kwa sababu jina lake lilikuwa na herufi TXT. Lakini baada ya herufi hizo zilikuwapo nyingine tatu, VBS, ambazo ni alama ya programu. Kwa desturi mfumo wa Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, na wengi hawakuziona.

Tarehe 12 Mei 2017 programu ya kuteka mafaili iliyoitwa WannaCry ilivamia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Hata hivyo, kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa dawa ya kuziba ufa huo mwezi Machi mwaka ule ule. Waliopatwa ni wale ambao hawakuwa wameitia dawa hiyo katika kompyuta zao.

Katika ofisi zetu mlango unaotumika mno ni flashi. Katibu hupeleka taarifa kuchapishwa katika duka la steshenari, na flashi hurudi na mgeni. Dalili yake ni maarufu: folda zote hugeuka kuwa vijifaili vidogo vyenye alama ya mshale, na kila kimoja kina uzito wa kilobaiti chache tu. Wengi hudhani kazi yao imepotea, nao huifuta flashi yote. Ukweli ni kwamba mara nyingi mafaili yamefichwa tu, na ule mshale ndio mtego: anayeubonyeza huiamsha programu haramu. Usiubonyeze. Fanya kwanza uchunguzi wa virusi kama ilivyoelezwa hapa chini, kisha katika mipangilio ya kuangalia mafaili chagua kuonyesha vilivyofichwa. Folda zako aghalabu zitaonekana tena.

Mlango mwingine ni programu za bure, na hasa zile za kulipiwa zinazogawiwa kwa wizi. Aliyevunja kufuli ya programu ili akupe bure hakosi nafasi ya kutia kitu chake ndani. Hata programu halali hupatikana katika tovuti zinazoifungasha pamoja na nyingine tatu au nne, zikiwa na vijisanduku vilivyokwisha kutiwa alama ya kukubali. Soma kila ukurasa kabla ya kuendelea, na uziondoe alama hizo.

3. DALILI ZA KUTAZAMIA

Kompyuta kuwa nzito peke yake si ushahidi. Huenda imezeeka au imejaa. Lakini mambo yafuatayo yakitokea, hapana budi kuchunguza:

(a) Matangazo hutokea hata pasipo ukurasa wowote wa intaneti uliofunguliwa.
(b) Ukurasa wa kwanza wa kivinjari umebadilika, wala hapana mtu aliyeubadili.
(c) Zipo programu ambazo hapana ofisini anayezijua.
(d) Ulinzi wa virusi umezimwa, nao hukataa kuwashwa.
(e) Watu hupokea barua kutoka anwani ya chama ambazo chama hakikuandika.
(f) Mafaili hayafunguki, majina yake yameongezewa herufi za ajabu, na lipo tangazo la kudai fedha.

4. KUZIONDOA, HATUA KWA HATUA

Maelezo haya yanahusu mfumo wa Windows, ulioenea katika ofisi nyingi.

Hatua ya kwanza: kata mawasiliano. Chomoa waya wa mtandao au zima modemu, na toa flashi zote. Usifanye shughuli yoyote ya benki katika kompyuta hiyo mpaka iwe safi. Ikiwa mafaili yametekwa, ishia hapa na umwite fundi anayeaminika. Usilipe fidia, kwa maana kulipa hakuna dhamana ya kurudishiwa chochote.

Hatua ya pili: ondoa programu zisizojulikana. Fungua mipangilio, yenye alama ya gurudumu la meno, kisha orodha ya programu. Ipange kwa tarehe ili zilizoingia karibuni ziwe juu. Andika kwenye karatasi jina la kila programu unayoitilia shaka, ulizana na wenzako, halafu uiondoe. Usiondoe kitu kwa kubahatisha, maana baadhi ya programu zenye majina magumu ndizo zinazoendesha kompyuta.

Hatua ya tatu: safisha kivinjari. Katika mipangilio yake tazama viongezi vilivyowekwa, na ondoa usivyovitambua. Tazama pia orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kukuletea taarifa. Matangazo mengi yanayosema "kompyuta yako ina virusi" hutoka hapo: siku moja mtu alibonyeza kukubali bila kusoma. Futa ruhusa hiyo, nayo yatakoma.

Hatua ya nne: fanya uchunguzi kamili. Windows 10 na 11 zina mlinzi wake, Microsoft Defender, ambaye hana malipo. Mrudishie kompyuta mtandao kwa muda mfupi ili apate orodha mpya ya virusi, kisha umwamuru afanye uchunguzi kamili. Huenda ukachukua saa kadhaa. Uchungu ukizidi, chagua uchunguzi unaofanyika kabla Windows haijawaka, ambao huwakuta wageni wakiwa bado wamelala. Usitafute katika intaneti "dawa ya virusi" na kuchukua ya kwanza utakayoiona. Nyingi kati ya hizo ndizo ugonjwa wenyewe.

Hatua ya tano: badili maneno ya siri yote, ya barua pepe, ya benki na ya MUVU, kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo safi. Kama mpelelezi alikuwamo, kuyabadili katika kompyuta iliyougua ni sawa na kumkabidhi mwizi ufunguo mpya.

Dalili zikirudi baada ya hatua hizo, dawa iliyobaki ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Ndipo itakapojulikana kama chama kilikuwa na nakala za akiba au la.

5. ULAGHAI USIOHITAJI VIRUSI

Hasara kubwa huweza kutokea hata katika kompyuta iliyo safi kabisa, kwa sababu anayedanganywa ni mtu.

Onyo la uongo. Kioo hujaa maandishi mekundu, sauti hulia, na namba ya simu huonyeshwa "ya Microsoft". Maonyo halisi ya Microsoft hayaweki namba ya simu. Usipige. Funga ukurasa huo. Ukikataa, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, chagua kivinjari katika orodha itakayotokea, na ukifunge. Mara nyingi hapana virusi vyovyote. Ilikuwa picha tu.

"Fundi" wa mbali. Mtu hupiga simu akijitambulisha kuwa wa benki au wa kampuni, na kumwomba katibu aweke AnyDesk au TeamViewer. Programu hizi ni halali na mafundi huzitumia, lakini humpa aliye mbali uwezo wa kuitawala kompyuta kana kwamba amekaa kitini. Asiyeitwa na chama asifunguliwe.

Akaunti iliyobadilika. Barua pepe hufika kutoka kwa anayeuza mbolea au magunia, ikieleza kwamba akaunti yake ya benki imebadilika na malipo yapelekwe kwenye mpya. Huenda anwani inatofautiana na ile ya kweli kwa herufi moja. Huenda pia ni anwani yake halisi iliyokwisha kuingiliwa. Kwa hiyo kuitazama anwani hakutoshi. Mpigie muuzaji kwa namba iliyo katika mkataba, wala si ile iliyoandikwa katika barua hiyo. Ni hila ile ile ya simu za mkononi, ya ujumbe usemao "ile pesa tuma kwenye namba hii", ila kwa chama kiasi chake chaweza kuwa malipo ya msimu mzima.

Ulaghai wote huu una alama moja: haraka. Mlaghai husema lipa leo, bonyeza sasa, usimwambie mtu. Anajua kwamba mtu akipata nusu saa ya kufikiri na mwenzake wa kushauriana naye, hila itafichuka.

6. KINGA NI UTARATIBU WA OFISI

Ushirika ulikuwa na dawa ya haraka hiyo tangu zamani. Hundi haikutoka kwa saini ya mtu mmoja, na hapana malipo yaliyofanywa bila hati. Utaratibu huo uhamie katika kompyuta:

(a) Malipo ya benki kwa mtandao yaandaliwe na mtu mmoja na kuidhinishwa na mwingine. Katibu akishika maneno ya siri ya wote wawili, saini mbili zimekuwa moja.

(b) Kila badiliko la akaunti ya mlipwaji lithibitishwe kwa simu au ana kwa ana, na liandikwe katika jalada pamoja na jina la aliyelithibitisha.

(c) Nakala za kumbukumbu zifanywe kila juma katika diski ya nje, ambayo baada ya hapo huchomolewa na kufungiwa mahali pengine. Diski inayoachwa imechomekwa hutekwa pamoja na kompyuta.

(d) Iwepo flashi moja ya kwenda steshenari, isiyo na kumbukumbu nyingine, nayo ichunguzwe kila irudipo.

(e) Windows iachwe ijitengeneze kila inapotoa matengenezo mapya. Matengenezo ya kawaida ya Windows 7 yalikoma tarehe 14 Januari 2020, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Bodi inapopanga bajeti ilikumbuke jambo hili.

(f) Kompyuta ya hesabu za chama isitumiwe kwa michezo, filamu wala programu za kuazima.

Fedha zikiwa zimekwisha kutoka, piga simu benki au kwa kampuni ya simu dakika hiyo hiyo ili zizuiwe. Kisha toa taarifa polisi, bila kufuta barua wala ujumbe wowote, maana hizo ndizo ushahidi. Nchini Tanzania makosa haya yanashughulikiwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ujumbe wa kitapeli wa simu hupelekwa kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Mtumishi aliyebonyeza kwa bahati mbaya asitishwe wala kuaibishwa mbele ya wenzake. Anayeogopa huficha, na saa anazoficha ndizo saa za mwizi. Bodi iweke wazi kwamba anayetoa taarifa mapema amekilinda chama.

Tunashauri makatibu wayasome maelezo haya katika kikao kijacho cha bodi, na kanuni sita za hapo juu zipitishwe na kuandikwa katika muhtasari, ili mkaguzi wa hesabu afikapo azikute zikitumika.