Mkimbiaji, ganda usilitupe

ARUSHA. Wakati chipukizi wa riadha wanahaha kusaka hela ya vidonge vya virutubisho, wauza vitunguu na chipsi wa Kilombero wanamwaga maganda kila siku.

Ganda la nje la kitunguu lina kwasetini nyingi kuliko kitunguu chenyewe. La kiazi mviringo limebeba asidi ya klorojeniki. Zote ni antioksidanti, mabeki wanaokaba chembe haribifu zinazoongezeka mwili unapokimbizwa kwenye miinuko ya Meru.

Kiazi kioshe vizuri, kichemshe na ganda lake. Ganda la kitunguu litie kwenye supu, kisha litoe. Kiazi chenye ukijani achana nacho, kina sumu ya solanini.

Ganda halileti medali wala halizibi pengo la ugali, maharage na usingizi. Ila ni la bure.