Farasi wa Mabawa na Askari wa Plastiki



Kila Idd inapokaribia, wachuuzi hutandika vitu vya watoto kandokando ya njia, na uwanja wa Makadara ukifunguliwa huwa hakuna pa kupita kwa vibofu, firimbi na magari ya plastiki. Miongoni mwa bidhaa hizo kuna boksi moja ambalo wavulana hulipenda mno: boksi la askari wa kuchezea. Upande mmoja huwa wamesimama Wazungu wenye deraya na helmeti za chuma. Upande wa pili ni watu wanaoitwa Waarabu, au Masarakina, nao wana vilemba vyenye unyoya, vifua wazi, suruali pana, na panga zilizopinda kama mwezi mchanga.

Mama mmoja wa Kibokoni aliniuliza juu ya boksi hilo. Mwanawe mwenye miaka tisa hucheza nalo vita vya Ngome, yaani Fort Jesus, ambayo kwao haifiki mwendo wa dakika kumi. Kila anapocheza hukataa kuushika upande wa Waarabu, kwa hoja kwamba wa upande ule wana sura mbaya na aghalabu ndio wanaoshindwa. Mama akataka kujua mambo mawili: kwanza, je, vinyago hivi vyafaa nyumbani, pili, je, watu waliopigana pale Ngomeni walikuwa na sura hiyo kweli?

La kwanza nitalijibu kwa ufupi, kwani limesemwa sana katika vitabu vya fiqhi. Wanazuoni wengi wamevitoa vitu vya kuchezea watoto katika katazo la sanamu, na hoja yao kubwa ni wanasesere wa Bibi Aisha (Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake). Wapo waliosema ruhusa hiyo ilifutwa baadaye, lakini si kauli ya wengi. Amma mtu mzima anayekusanya askari hawa kwa bei kubwa, akawapanga ndani ya kabati la kioo sebuleni ili wageni wawatazame, huyo asijifiche nyuma ya mtoto. Ruhusa ilitolewa kwa ajili ya mchezo, na kabati halichezi.

Katika khabari za wanasesere hao kuna kisa alichokipokea Abu Daud ambacho kinagusa swali la pili, nami hukipenda sana. Mtume (Rehma na amani zimfikie) aliporejea kutoka katika safari ya vita, upepo uliifunua pazia, akaona katikati ya wanasesere wa Bibi Aisha farasi mwenye mabawa mawili yaliyotengenezwa kwa vipande vya nguo. Akauliza, farasi ana mabawa? Bibi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha khabari iliyosikiwa, kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana.

Kwa hivyo siwezi kusimama juu ya mimbari nikasema kwamba mtoto asichezee kitu ambacho hakikuwapo duniani. Farasi wa mabawa hamdanganyi mtu. Anayemwona anajua kwamba huyu ni wa kucheza, na ndiyo maana aliulizwa habari zake na kicheko kikafuata. Tatizo la askari wa boksi lile ni kwamba hana mabawa. Amevaa kama mtu aliyekuwapo, amepewa jina la watu waliokuwapo, na mtoto humwamini bila kuuliza. Kumbe aliyemchonga alitoka sinema, hakutoka maktaba.

Sanaa hii ni ya zamani kidogo huko Ulaya. Mwaka 1893 kampuni ya Britains ya London iligundua namna ya kumimina askari wa risasi walio wazi ndani, bei ikashuka, na watoto wa watu wa kawaida wakaweza kununua jeshi zima. Kampuni hiyo ilisifika kwa kufuata sare za kweli, hata ikatoa askari wa King's African Rifles, na mpaka leo wakusanyaji wa vitu hivi hugombana juu ya idadi ya vifungo vya koti. Lakini uangalifu ule uliwahusu zaidi wanajeshi wao wenyewe. Miaka ya 1960, baada ya filamu ya Lawrence of Arabia kutoka mwaka 1962 na kuenea duniani, kampuni ya Airfix ilikuwa ikiuza Mabedui wadogo wa plastiki, na askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa wa kupigana nao. Mtoto aliyenunua maboksi yote mawili alikuwa amenunua sinema kamili. Habari za kabila lipi, mwaka gani na kwa sababu gani hazikuwamo.

Tuje sasa kwenye Ngome yetu. Ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Cairati, mhandisi wa Milano. Vita ambavyo mtoto wa Kibokoni anavicheza ni mazingiwa yaliyoanza Machi 1696 na kumalizika Disemba 1698, pale majeshi ya Imamu Seif bin Sultan wa Oman yalipoingia. Ni karibu miezi thalathina na mitatu. Ukisema hivyo tu, boksi la askari limekwisha kuharibika, kwa sababu katika boksi vita ni mbio za farasi na panga angani. Mazingiwa haya yalikuwa njaa, maradhi, na kutazama bahari kila asubuhi kama kuna tanga lolote linakuja. Tauni iliua ndani ya kuta kuliko risasi.

Na sura zao? Mreno wa 1696 hakuvaa chuma mwili mzima kama wa kwenye boksi. Mavazi hayo yalikuwa yamekwisha kutoweka katika majeshi mengi ya Ulaya kwa sababu ya bunduki. Mwomani naye alikuja na bunduki na mizinga. Upanga wake mashuhuri, ule ambao mabwana wa kwetu waliushika katika ngoma ya razha, ni mrefu na umenyooka, tena hauna kinga ya mkono. Kilichopinda ni jambia, na jambia hukaa kiunoni. Upanga uliopinda na kupanuka nchani kama jani la mgomba ni wa wachora picha na watengeneza filamu. Mtoto aliyeona upanga ulionyooka nyumbani kwa babu yake, kisha akaona uliopinda kwenye boksi, akaambiwa kwamba ule wa boksi ndio wa Kiarabu, amefundishwa asiliamini jicho lake.

Hata hivyo upanga ni jambo dogo. Jambo kubwa ni nani alisimama upande gani. Boksi lina rangi mbili, na Ngome haikuwa na rangi mbili. Mazingiwa yalipoanza walikimbilia ndani watu wapatao elfu mbili na mia tano. Askari wa Kireno walikuwa kiasi cha hamsini tu. Waliobaki walikuwa watu wa pwani hii, wanaume kwa wanawake, pamoja na watoto. Kufikia mwishoni mwa Agosti 1697 Wareno waliokuwamo walikuwa wamekwisha kufa. Nani basi aliishika Ngome? Aliishika Sheikh Daud wa Faza, Mwislamu, mtu wa Kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake kumi na saba, wanaume Waafrika wanane na wanawake Waafrika hamsini. Wakakaa hivyo mpaka Septemba msaada ulipowafikia.

Naomba msomaji asipite hapo kwa haraka. Kwa muda huo, bendera ya mfalme wa Ureno ilipepea Mombasa huku chini yake hakuna Mreno wa kuisimamisha, bali jamaa wa Faza na wanawake hamsini. Kwa nini Sheikh Daud alikuwa upande ule? Faza na mji wa Pate walikuwa mahasimu wa tangu na tangu, na katika siasa za miji yetu adui wa jirani yako alikuwa karibu nawe kuliko mtu wa dini yako aliyetoka ng'ambo. Wako watakaochukia kulisikia hilo, hasa tuliozoea kuwasimulia watoto kwamba Uislamu wote ulikuwa nje ya ukuta na ukafiri wote ndani. Mimi naona mtoto wa miaka tisa aweza kuelewa, maana anaujua ugomvi wa mtaa na mtaa.

Wanawake wale hatuna majina yao. Hakuna kiwanda kilichowahi kuwatia katika boksi, na wala filamu haijawatafuta.

Nisieleweke kwamba wanaopotosha ni Wazungu peke yao. Filamu ya Kingdom of Heaven ya mwaka 2005 wengi wetu tuliifurahia kwa kuwa ilimwonyesha kwa heshima, akiigizwa na Ghassan Massoud wa Syria. Humo Balian ni mhunzi wa Ufaransa. Katika historia alikuwa bwana mkubwa wa huko huko Palestina, mume wa malkia mjane. Humo pia Salahuddin anawaachia watu wa Baitul Muqaddas waende zao bila malipo. Ukweli ni kwamba mji uliposalimu amri mwezi wa Oktoba 1187, kila mwanamume alitakiwa kujikomboa kwa dinari kumi, mwanamke tano, na mtoto chini ya hapo. Wengi walisamehewa, na ndugu yake al-Adil aliomba apewe elfu moja akawaacha huru. Lakini maelfu wengine walioshindwa kulipa waliingia utumwani. Hapo sinema imetupendelea, na hatukulalamika.

Wenzetu wa Misri nao, katika filamu yao ya Salahuddin ya mwaka 1963, walimfanya Isa al-Awwam kuwa Mkristo ili kuonyesha umoja wa Waarabu. Isa wa kweli alikuwa Mwislamu, mpiga mbizi katika mazingiwa ya Akka. Usiku alizama chini ya merikebu za maadui, amefunga kiunoni barua na dhahabu za kupeleka mjini. Usiku mmoja hakufika. Baada ya siku kadhaa maiti yake ikatupwa ufukweni na bahari, na dhahabu ikakutwa kiunoni, amana imetimia naye amekwisha kufa. Nawauliza wapiga mbizi wa Mombasa: kisa hicho kilihitaji kuongezwa nini?

Na siku hizi kuna Ertuğrul. Tamthilia ya Kituruki iliyotoka mwaka 2014 hadi 2019 imeingia majumbani mwetu, na watoto wanataka shoka na kofia ya manyoya. Mambo yanayojulikana kwa yakini juu ya mtu huyo hayajazi ukurasa. Kuna sarafu ya mwanawe Osman yenye jina lake, na masimulizi yaliyoandikwa muda mrefu baadaye. Vipindi vile vyote vimejengwa juu ya hapo. Sisemi msitazame. Nasema mtoto akiuliza kama ni kweli, asijibiwe "ndiyo" kwa sababu tu shujaa anaswali.

Kwa mama wa Kibokoni, jibu langu ni kwamba boksi asilitupe. Mtoto aliyenyang'anywa askari atapigana kwa vijiti. Amchukue siku moja Ngomeni, ambayo sasa ni makumbusho, ampitishe kwenye mizinga na kuta, amwonyeshe vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, manowari ya Kireno iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697 katikati ya mazingiwa. Akirudi, wapite Jomo Kenyatta Avenue kwenye sanamu za ukumbusho wa Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili hayawataji wapiganaji peke yao. Yanawataja pia wapagazi, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu na kutuachia jina la Kariakoo. Sijapata kuona dukani boksi la wapagazi.

Kisha wakae mkekani na boksi lile lile, wahesabu upya. Wale wenye deraya wawekwe pembeni. Wamezaliwa karne nzima kabla ya vita hivi. Panga zilizopinda zitakatwa kwa mkasi na kunyooshwa kwa njiti. Nje ya ukuta wawekwe Waomani na watu wa pwani waliowaunga mkono. Ndani awekwe Sheikh Daud na jamaa zake kumi na saba, na wanaume wanane. Kwa wale wanawake hamsini boksi halina hata mmoja, kwa hivyo kijana itambidi aende kwa dada yake kuazima wanasesere, naye dada ana haki ya kuuliza kwanza watakuwa upande gani.