Roboti Haisikii Kila Lugha

Wiki hii nina swali kutoka Kabanga, wilayani Ngara. Wanafunzi wa sekondari wanaunda roboti ndogo ya magurudumu, nao wamegawanyika: wengine wanataka kuiandikia programu kwa Python, wengine kwa C. Anayeijua Python vizuri ni mmoja tu, naye yuko kidato cha nne.

Kabanga ni mpakani. Mtu huamka akisema Kihangaza, sokoni akasema Kiswahili, na akikutana na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Haulizi lugha ipi ni bora; huangalia ni nani anayemsikiliza. Basi nasi tuanzie hapo: ndani ya roboti anasikiliza nani?

Kama ni kibao cha Arduino Uno R3, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2 tu. Programu ya C hutafsiriwa kwanza kwenye kompyuta, kisha kibao hupelekewa tafsiri iliyokwisha kamilika. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, humtaka mkalimani akae humo humo kibaoni muda wote wa kazi, na nafasi hiyo haipo. Kwenye kibao kikubwa zaidi, kama ESP32, ipo MicroPython, iliyopunguzwa kwa ajili hiyo. Na wakitamani mashindano ya FIRST Global, yaliyoanza Washington mwaka 2017, huko roboti huongozwa kwa Java au kwa vipande vya amri vinavyopangwa kwenye kioo cha kompyuta.

Sasa jambo zito. Yule kijana wa kidato cha nne atafanya mtihani Novemba na kuondoka. Nimewahi kuona roboti nzuri ikigeuka pambo la kabatini kwa sababu aliyeiandikia programu amehitimu, na hakuna aliyeweza kusoma alichoandika.

Ushauri wangu ni huu. Tazameni kwanza kibao mlichonacho. Kisha chagueni lugha ambayo mwalimu mmoja na wanafunzi wawili wa kidato cha pili wataweza kuisoma. Maelezo ya pembeni yaandikeni kwa Kiswahili. Kompyuta huyaruka, lakini wadogo zenu watayasoma. Kama kibao ni Uno, shikeni C, na huyo bwana wa Python awe mwalimu wenu wa kwanza, kwani aliyekwisha kujifunza kupanga amri lugha moja haanzi upya katika ya pili.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.