Je, Wajua? Taa za Kimo cha Kiuno

Ziko kwenye bustani za umma, viwanja vya hospitali, maegesho na njia za waenda kwa miguu: nguzo fupi zenye taa kichwani. Wengi huzipita wakidhani ni pambo tu. Kumbe zikiwekwa vizuri humlinda mtembea usiku, na zikiwekwa vibaya humpa usalama wa uongo. Je, wajua?

Zilianzia bandarini. Nguzo fupi za mwanzo zilisimama gatini ili kamba za meli zifungwe kwazo. Mizinga iliyokwisha kazi ilizikwa nusu, mdomo juu, ikafanya kazi hiyo. London mizinga mingine ilisimamishwa kwenye pembe za mitaa ili magurudumu ya magari ya farasi yasikwaruze kuta wala kumkanyaga mpita njia. Hadi leo nguzo nyingi za jiji hilo hutengenezwa kwa umbo la mzinga.

Ufupi ndio nguvu yake. Nguzo nyingi za aina hii zina urefu wa kati ya sentimita 60 na 120. Mwanga hupungua haraka kadiri unavyosafiri: umbali ukiongezeka mara 2, mwanga unaofika hubaki robo, ukiongezeka mara 4, hubaki sehemu 1 kati ya 16. Ndiyo maana taa ya wati chache iliyo mita moja kutoka ardhini huonyesha vizuri ngazi, shimo au mtaro usio na mfuniko. Gharama ya faida hiyo ni kwamba nguzo zikiwa mbalimbali, katikati hubaki viraka vya giza.

Huonyesha miguu, si uso. Secured by Design, mpango wa polisi wa Uingereza unaoshauri namna ya kujenga ili kuzuia uhalifu, hauzikubali nguzo fupi kuwa taa za usalama. Mwanga unaotoka chini huupotosha uso wa mtu, na usipomtambua anayekuja mbele yako, hofu huzidi. Basi nguzo fupi zionyeshe njia, na taa za juu zionyeshe watu.

Lakini juu sana nako kuna kasoro. Wakazi wa mitaa ya Nairobi kama Kibera na Mathare wanazijua taa za milingoti mirefu kwa jina la “mulika mwizi”. Humulika eneo kubwa kwa mlingoti mmoja, ila vichochoro vyembamba kati ya nyumba hubaki kwenye kivuli cha kuta na mapaa. Hapo taa ya chini, karibu na mlango na karibu na choo cha pamoja, ina kazi ambayo mlingoti hauwezi kuifanya.

Mwanga hupunguza uhalifu. Mwaka 2016 jiji la New York liliweka minara ya taa katika baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, mengine yakaachwa kama yalivyokuwa. Watafiti waliolinganisha makundi hayo mawili walikadiria kwamba uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takribani asilimia 36 palipowekwa taa.

Mwanga mkali unaweza kukupofusha. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu, na taa kali huharibu mazoea hayo kwa sekunde chache. Nguzo nzuri huficha balbu nyuma ya vibao au kofia, mwanga ukashuka chini bila kuchoma macho. Hili ni muhimu zaidi kwa wazee: retina ya mtu wa miaka 60 hupokea takribani theluthi moja tu ya mwanga unaofika kwenye retina ya kijana wa miaka 20.

Si kila nguzo inazuia gari. Tarehe 18 Mei 2017, gari lilipanda njia ya miguu Times Square, New York, likaua mtu mmoja na kujeruhi wengine zaidi ya 20. Zilizolisimamisha ni nguzo za chuma. Nguzo za daraja la M30 hujaribiwa kwa kugongwa na lori la takribani kilo 6,800 likienda kilomita 48 kwa saa. Taa ya bustani yenye ganda jembamba la alumini haina nguvu hiyo. Ikiwekwa mbele ya soko au shule kana kwamba ni kinga, inawadanganya watu.

Bajaji haipiti, bodaboda inapita. Kiti cha magurudumu kinahitaji mwanya wa takribani sentimita 90 baina ya nguzo, na mwanya usipozidi mita 1.2 gari halipenyi. Bajaji, yenye upana wa takribani mita 1.3, nayo hukwama. Bodaboda hupenya bila shida, kwa hiyo nguzo peke yake hazitoshi kumkinga mtu nayo.

Namba za kwenye boksi la taa zina maana. IP65 maana yake vumbi haliingii kabisa na maji yakirushwa kwa mpira hayaleti madhara. IK10 maana yake ganda linastahimili pigo la jouli 20, sawa na kitu cha kilo 5 kikianguka kutoka sentimita 40. Pwani ongeza swali la chumvi: chuma cha pua cha daraja la 316 kina molibdeni, nayo hukisaidia kupambana na kutu ya hewa ya bahari.

Mwanga una rangi yake. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu, iliyowezesha taa nyeupe zisizokula umeme mwingi. Lakini buluu ikizidi, wadudu huvutika zaidi na usingizi wa binadamu huvurugika. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri taa za nje zisizidi kelvini 3,000, yaani mwanga wenye umanjano.

Kasa nao huhitaji taa za chini. Vitoto vya kasa vikianguliwa hukimbilia upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa za hoteli huvigeuza kuelekea barabarani, vikafa. Kanuni zinazofundishwa Florida ni tatu: taa iwe chini, ifunikwe, iwe ya kaharabu au nyekundu. Nguzo fupi yenye kofia na mwanga wa kaharabu au mwekundu hutimiza zote tatu, na fukwe wanakotagia kasa, kama Watamu na Mafia, zinaihitaji.

Popo nao wamefikiriwa. Huko Gladsaxe, Denmark, sehemu ya barabara inayopitiwa na popo imewekewa nguzo fupi zenye mwanga mwekundu, unaowasumbua kidogo kuliko mweupe.

Jua letu linatosha, betri ndiyo ipimwe. Karibu na ikweta mchana huwa wa takribani saa 12 mwaka mzima, basi paneli hupata chakula chake kila siku. Lakini usiku nao ni saa 12. Taa ya sola inayozimika saa sita usiku humwacha gizani muuguzi anayetoka zamu na mama anayewahi sokoni alfajiri.

Halmashauri yenu ikitangaza kuweka taa hizi, ulizeni mambo matatu kabla mkataba haujasainiwa: uso wa mtu utaonekana kwa taa ipi? Nguzo itazuia gari au ni ya kumulika tu? Nani atabadilisha betri au balbu ikifa, na kwa fungu gani? Hizo fedha ni za wananchi, na wanaotembea usiku kwa miguu ni wananchi haohao.