Superkondakta isiyo ya kawaida

Superkondakta isiyo ya kawaida ni dutu ambayo ikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote, lakini jinsi elektroni zake zinavyoungana jozi haielezwi na nadharia inayotumika kwa superkondakta nyingine.

Waya wa kawaida una ukinzani: umeme unaotoka Mtera kwenda Dodoma hupoteza sehemu ya nishati njiani kwa kupasha nyaya joto. Mwaka 1911 Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi nyuzi -269 za sentigredi, ukinzani wake hutoweka.

Elektroni zote zina chaji hasi na husukumana. Zawezaje kwenda mbilimbili? John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer walijibu mwaka 1957. Elektroni ikipita huvuta kidogo atomi zenye chaji chanya, nazo huchelewa kurudi mahali pake, kama tope la Bahi wakati wa mvua linavyobaki na alama za matairi baada ya gari kupita. Elektroni ya pili hufuata njia hiyo.

Katika nadharia hiyo usumaku ni adui, maana huvunja jozi. Ndiyo sababu ilishangaza mwaka 1979 Frank Steglich wa Ujerumani alipokuta superkondakta katika kampaundi ya seriamu, shaba na silikoni, yenye atomi nyingi za kisumaku. Zikafuata za urani, metali ambayo imetafutwa pia Bahi na Manyoni. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller waligundua superkondakta za oksidi ya shaba, ambazo ni aina ya kauri. Mwaka uliofuata ilipatikana moja inayofanya kazi kwenye nyuzi -180, hivyo hupozwa kwa nitrojeni kiowevu, iliyo rahisi kuliko heli.

Katika oksidi hizo kila atomi ya shaba ni kama sumaku ndogo, na majirani huelekea pande zinazopingana. Elektroni chache zikiondolewa, mpangilio huo huvunjika, lakini haufutiki: hubaki ukitokea na kupotea hapa na pale, kwa muda mfupi sana. Wanafizikia wengi huamini kwamba mabadiliko haya ya usumaku ndiyo yanayounganisha jozi. Majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba jozi zina umbo kama ua la petali nne, mbili chanya na mbili hasi. Kwa umbo hilo elektroni mbili huungana bila kukutana mahali pamoja. Hata hivyo Philip Anderson, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1977, alishikilia kwamba hakuna haja ya kiunganishi chochote, kwani msukumano mkali wa elektroni zenyewe unatosha. Mjadala huo haujaisha.