Ordinatere imepanda chukudu, imekataa kuwaka: usikimbilie kununua ingine

Siku ya posho asubuhi tulihama kutoka Majengo kuja Katoyi. Haiko mbali, lakini njia za huku wote tunazijua: ni mawe ya volkano tupu. Ordinatere ya nyumba, ile kubwa ya kuweka juu ya meza, tuliifunga juu ya chukudu katikati ya magodoro na masufuria. Mangaribi tukaiunganisha. Taa ya mbele ikawaka, feni ikazunguka, ekra ikabaki nyeusi.

Ndani mulikuwa TFC ya dada yetu mdogo, na zilibaki siku 9 tu aipeleke kwa mwalimu wake. Papa, mwenye kulipa masomo yake, alikuwa kwenye machimbo upande wa Rubaya. Fundi wa kwanza aliangalia dakika tatu, akasema: "Karte mere imekufa. Dola 70." Mwenye kuishi kwa kazi ya mashimo anajua dola 70 ni jasho la siku ngapi.

Hatukulipa. Tulijiuliza swali moja: jana iliwaka, leo haiwaki, katikati kulipita nini? Ilipita njia tu. Kitu chenye kimetikiswa, mara nyingi hakijafa; kimetoka pa nafasi yake. Njo maana unaanza na yale hayalipishi.

Kwanza, nje. Waya ya umeme inaingia mpaka mwisho? Prizi inatoa umeme? Chomeka taa pale uone. Nyuma ya ordinatere kuna buto yenye alama O na I: iwe kwa I. Zingine ziko na buto nyekundu yenye 115 na 230. Umeme wetu ni 220, basi iwe kwa 230. Ukiiacha kwa 115, boksi ya umeme inaungua. Angalia pia waya ya ekra. Kama kuna kadi ya picha ya kuongeza, waya iingie kwa kadi ile. Kisha ondoa kle zote za USB.

Pili, angalia na usikilize. Hakuna taa, hakuna feni: shida ni upande wa umeme. Feni inazunguka lakini ekra nyeusi, ama inalia bip-bip: mara nyingi ni bareti ya RAM. Ekra inaandika kama haioni diski: waya ya diski imelegea. Hapo usikubali mtu aiformate, juu kazi yako yote inaweza kupotea.

Tatu, ndani. Chomoa waya ya umeme, kisha bonyeza buto ya kuwasha sekunde 10. Gusa chuma ya sanduku mbele ya kugusa kitu kingine. Boksi ya umeme yenyewe usiifungue hata siku moja: inabakiza umeme wenye unaweza kuua. Toa bareti za RAM, sugua meno yake polepole na gome ya mtoto wa shule, pangusa, rudisha mpaka usikie "ka!". Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Sukuma waya za diski na zile za umeme zenye kuingia kwa karte mere.

Mchimbaji hapa hayuko mgeni. Meno yale yamepakwa dhahabu kweli. Chuma laini yenye kushikisha vipande ni bati kwa sehemu kubwa, na bati inatoka kwa kasiterite, kama ile ya Bisie kule Walikale. Koltani ya Rubaya inatoa tantale, ya kutengeneza vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na ordinatere. Wenye kuvichimba wasiogope kufungua sanduku.

Kwetu, bareti moja ilikuwa imeinuka upande mmoja, unene wa ukucha tu. Tuliisukuma, ekra ikawaka. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi: ni batri ndogo ya duara, CR2032, ilikuwa imechoka. Tuliibadilisha.

Kama yako bado inakataa, peleka kwa fundi, lakini mwombe ajaribu RAM ingine na boksi ya umeme ingine mbele ya macho yako, kisha njo muongee karte mere. Na hata karte mere ikifa kweli, diski inaweza kuwa nzima: inatolewa, inawekwa kwa mashini ingine, na kazi yako unaikuta.

Siku ya kuhama tena, tia kazi zako zote kwa kle, kle iingie mfukoni. Ordinatere ilale juu ya godoro, upande wenye kufunguka uangalie juu. Ekra mtu aibebe kifuani kama mtoto.

Dada yetu alipeleka TFC yake siku mbili mbele ya tarehe. Papa alipopiga simu kutoka Rubaya kuuliza habari za kuhama, tulimwambia tu: tumefika salama.