Enyi Wazazi, Msikimbilie Bomba

Katika vijiji vyetu vya Ubwari, mtoto akilia tumbo usiku, bibi yake hakawii. Majani yapondwa, maji yapashwa moto, na mtoto apigwa bomba, yaani atiwa dawa ya maji kwa njia ya haja kubwa. Desturi hii ni ya zamani, na waitendao huitenda kwa upendo. Lakini yuko mtoto ambaye bomba hilo laweza kumwua: ni yule anayetibiwa kansa.

Je, watoto nao hupatwa na kansa? Naam. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Wengine walikuwa na uvimbe wa namna hiyo hiyo tumboni. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa motakaa maili 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ikadhihirika kwamba ugonjwa huo hufuata nchi za joto na mvua, penye malaria nyingi. Mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika ni nchi ya namna hiyo.

Kansa hii hutibika, hasa ikitambuliwa mapema. Mojawapo ya dawa zake, vinkristini, hutoka katika ua dogo la Madagaska ambalo wengi hulipanda uani kwa uzuri wake. Lakini mtu asilichemshe ua hilo nyumbani, maana lina sumu.

Dawa ziuazo kansa huutesa utumbo pia. Vinkristini hudhoofisha mishipa ya fahamu ya utumbo, na mtoto aweza kukaa siku kadhaa bila kwenda choo, tumbo limejaa. Dawa nyingine huchubua ngozi laini ya ndani, tangu kinywani hata matumboni. Tena, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hupungua sana. Ndipo vijidudu vikaavyo tumboni siku zote bila madhara hupenya katika ukuta wa utumbo, hasa pale utumbo mpana uanzapo, chini upande wa kuume. Mtoto hushikwa na homa, tumbo huuma na kuvimba, pengine huharisha damu. Asiposaidiwa upesi, utumbo waweza kutoboka.

Sasa lifikirini bomba. Mchubuko mdogo wa ncha yake, kwa mtoto mzima, huenda usiwe kitu. Kwa mtoto asiye na askari, ni mlango ulioachwa wazi: vijidudu huingia katika damu. Na ukuta wa utumbo uliokwisha dhoofu waweza kupasuka kwa nguvu ya maji. Kwa hiyo asitiwe dawa yoyote kwa njia hiyo, wala kipimajoto. Kipimajoto kiwekwe kwapani. Wala asinyweshwe dawa ya kuharisha bila amri ya daktari.

Yafaa nini basi? Homa ikifika digrii 38, au tumbo likiuma, arudishwe hospitali usiku huo huo, pamoja na karatasi yenye majina ya dawa na siku alizopewa. Huko atapumzishwa kula, atatiwa maji na dawa za kuua vijidudu kwa njia ya mshipa. Wengi hupona bila kupasuliwa. Na kwa kuwa kutoka Ubwari safari ni ndefu, na ziwa lina mawimbi, yafaa mama na mtoto wakae karibu na hospitali mpaka siku hizo za hatari zipite.

Twajua ni vigumu. Mtoto hulia kwa ajili ya sindano, na nyumbani mashamba yangoja. Lakini wazee wetu walisema: Mchelea mwana kulia, hulia yeye.